Wanawake Niliowaacha Getini

Aber mwanangu,

Simiyu amekaa mlangoni na viatu miguuni. Anasubiri nimalize kuandika ili apande boda akuletee karatasi hizi huko kwa Mama Zaituni kabla hujalala. Kila kitambo anachungulia na kuuliza, "Bado, malkia wangu?" Namjibu bado. Anarudi kukaa, anapiga mluzi. Najua hupendi nikueleze mambo ya namna hii, lakini nikimsikia tu akipiga mluzi moyo wangu unaruka kama wa msichana wa sekondari. Nina mvi, nina binti anayekwenda ng'ambo, na bado unaruka! Nisamehe. Nimeanza na furaha kwa sababu naogopa kuanza na lile lingine.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula cha ndegeni, wala mahali pa kuficha pasipoti. Hayo unayajua kuliko mimi, ambaye mpaka nilipoolewa mara ya pili sikuwahi kuvuka mpaka wowote. Nataka kukuandikia kuhusu siku ya harusi yangu. Hatujaizungumza tangu ulipobeba begi lako ukahamia kwa Mama Zaituni, na kesho unakwenda Peru kwa mwaka mzima, kujifunza jinsi watu wa huko wanavyosaidiana na kwa nini hata huko wengine wana vingi na wengine hawana kitu. Siwezi kukuacha upande ndege ukidhani mama yako hajui alichofanya. Najua.

Ulikuwa mdogo baba yako alipofariki. Umewahi kuniambia kwamba unakumbuka sare yake ya polisi ikiwa imetundikwa kwenye msumari, na watu wengi chumbani. Mimi nakumbuka mikono. Kabla sijaelewa vizuri nilichokuwa nimeambiwa, nje ya mlango wetu katika kambi ya polisi moto ulikuwa umewashwa, na juu yake imetelekwa sufuria ambayo haikuwa yangu. Wanawake walikuwa wameketi juu ya majani ya mgomba, kila mmoja na kisu alichotoka nacho kwake, wanamenya matoke. Wengine sikuyajua hata majina yao. Mama Zaituni, ambaye tulikuwa tumegombana juu ya kamba ya kuanikia nguo na hatusalimiani, ndiye aliyekuogesha. Nalongo, yule mama wa mapacha, alikufunga mgongoni akakoroga uji huku umelala. Hakuna aliyekuja kuniuliza, "Nikusaidie nini?" Kwetu hilo halikuwa swali. Mtu alikuja na kisu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye munno mukabi, kikundi chao cha marafiki wa wakati wa shida. Tulipotolewa kambini, maana nyumba ya askari ni ya askari aliye hai, waliobeba kitanda chetu mpaka kile chumba cha kupanga nyuma ya Kabalagala walikuwa wao. Nami nikamenya kwa watu. Nikamenya kwenye misiba na harusi, kwa Waislamu na kwa walokole, kwa Waacholi, Waganda, Walugbara na Wakongo. Wewe ulikulia kando ya sufuria zile. Ulijifunza kuhesabu kwa kupanga sahani za kikundi, na Mama Zaituni akakufundisha kufunga matoke kwenye majani yake kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Halafu akaja Simiyu. Acha niandike, mwanangu, usiruke mistari! Alikuja kwenye kibanda changu cha soko la Owino, Mkenya mrefu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akashika pazia la rangi ya asali akauliza, "Mama, hili likipigwa na jua la jioni linakuwaje?" Miaka yote niliyouza mapazia hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisahau kumtajia bei. Alirudi kesho yake akasema dirisha ni kubwa kuliko alivyodhani. Akarudi tena, akadai limebaki dirisha lingine. Nalongo, aliyekuwa akiuza soksi kibanda cha pili, akapaza sauti: "Ssebo, bwana mkubwa, wewe unajenga nyumba ama hospitali? Madirisha haiishi!" Soko zima likacheka. Simiyu akaona haya mpaka masikioni, na mimi hapohapo nikajua nimekwisha.

Sioni aibu kumpenda. Nataka ulijue hilo. Mungu amenipa mwanamume anayeniimbia nikiosha vyombo, na sitajifanya mtu wa huzuni ili nionekane mwema. Aibu yangu iko kwingine. Nilipohamia kwake Ntinda, mtaa wa wenye nazo, niliichukua ile furaha nikaifanya ngazi, nikapanda juu yake, nikaanza kuwatazama watu kutoka huko juu.

Simiyu aliniuliza mapema, "Na wale kina mama wa sufuria, siku ya harusi watapikia upande gani?"

Nikamwambia, "Wamepika maisha yao yote. Siku hiyo nataka wapumzike, waje kama wageni."

Akaushika mkono wangu akaubusu, akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye huruma kama mimi. Nami nikalipokea busu ambalo halikuwa langu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiwaonea aibu. Nilionea aibu moshi wao. Nilionea aibu vitenge vinavyofungwa kifuani, na sauti ya Mama Zaituni anayepanga wapishi kama sajenti kwenye gwaride. Niliwaza majirani wangu wapya wakichungulia juu ya ukuta na kujua nilikotoka. Nikakodi wapishi wenye kofia nyeupe.

Unakumbuka jioni moja, kabla ya harusi, ulikuwa umetoka kwenye mafunzo ya shirika linalokupeleka ukatusimulia habari za kile kijiji cha milimani utakakokaa? Ulisema kila mwaka watu wote wanatoka kusafisha mifereji ya maji, mwenye shamba kubwa na mwenye kipande, kila mtu na koleo lake. Lakini siku hizi matajiri wa bonde hawaji wenyewe. Wanakodi kibarua, wanamtuma na koleo, na watu wanalalamika. Mimi nikasema, "Kuna ubaya gani? Mfereji si umesafishwa?" Ukanitazama ukasema, "Mama, hawagombani juu ya mfereji." Nikadhani ni maneno ya chuoni. Nikakuongezea wali.

Basi siku ikafika. Nilikuwa juu, napakwa poda, niliposikia vicheko nje. Nikachungulia dirishani. Kina mama wa sufuria walikuwa wamekuja wote alfajiri. Walikuwa na visu vyao na majani ya mgomba vichwani, na ile sufuria kubwa kuliko zote ikiwa imebebwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Kadi niliwapelekea, tena imeandikwa saa nane mchana. Baadaye niliambiwa kwamba Nalongo alimweleza askari wa getini, "Kadi ni ya watu wa mbali. Sisi ni watu wa jikoni." Askari akasema wapishi wapo, orodha anayo, wao hawamo.

Wewe ulikimbia getini pekupeku. Kisha ukageuka ukaniona dirishani.

"Mama! Mwambie afungue!"

Nusu ya uso wangu ilikuwa na poda na nusu haina. Ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, laini, ya kistaarabu, "Waambie warudi saa nane, pamoja na wageni wengine." Nikafunga pazia. Pazia langu mwenyewe, lile la rangi ya asali.

Walirudi saa nane, Aber. Hilo ndilo linaloniua. Walikwenda kwao, wakaoga, wakavaa magauni yao ya gomesi yanayong'aa, wakarudi wakaketi kwenye hema la mwisho karibu na magari, mahali chakula kilipofika kimebaki mchuzi. Wakapiga vigelegele kuliko mtu mwingine yeyote. Nalongo alipita mbele kunipongeza akaninong'oneza, "Bibi harusi, leo umetulisha kama wazungu. Kidogo, lakini na kitambaa." Nikacheka. Nilicheka kwa sababu nilidhani amenisamehe. Kumbe mtu anaweza kukutania akiwa tayari amekuaga.

Jioni ile wewe na mimi tulisemezana maneno. Ulisema, "Mimi ninakwenda mwisho wa dunia kusoma habari za ushirikiano, na wewe umeufungia geti." Nikakujibu kwa hasira, "Angalau mimi sikuwafanya somo. Wewe unakwenda kuangalia umaskini wa watu na kuandika ripoti." Nilitaka kukuumiza kwa kuwa ulikuwa umesema kweli, na niliona usoni mwako kwamba nimefaulu. Naomba radhi kwa kusema hivyo siku ile na kwa namna ile. Siku nyingine, kwa upole, ningekuuliza, na leo nakuuliza: utakapofika kwenye kijiji kile, watakuwa nani kwako? Nauliza tu kama mtu aliyewaona rafiki zake wakigeuka kuwa mandhari.

Kilichonifumbua macho si wewe, samahani. Macho yangu yalifumbuka kule Kenya.

Baada ya harusi Simiyu alinipeleka kwao Bungoma kwa mama yake. Lo, safari ile! Alinishika mkono njia nzima kama mtu anayeogopa nitateremka. Siku ya kutukaribisha, wanawake wa jirani walikuja kwa mama mkwe wangu, huyu na kuni kichwani, yule na kuku kwapani, mwingine na maziwa. Nikafurahi, nikajisemea, kumbe ni kama kwetu! Nikavua viatu, nikajifunga leso, nikaingia nao jikoni. Walicheka Kiswahili changu cha kambi mpaka machozi. "Shemeji, unatupigia amri ama unaomba chumvi?" Nilijisikia nyumbani.

Alikuja pia mke wa ndugu yake Simiyu, kutoka Nairobi, mtu wa ofisi kubwa. Alishuka garini, akasalimia vizuri, akaleta keki ya dukani, akaketi sebuleni na simu yake. Hakumtukana mtu. Wale wanawake wakamletea maji ya kunawa wakipiga magoti, wakamchagulia firigisi, wakamwita madamu. Waliporudi jikoni hawakumsema hata vibaya. Mmoja alitikisa kichwa tu, akasema, "Maskini, siku atakapofiwa atatupigia simu, na sisi tutakwenda kumpa pole. Tutakaa kwa viti, bila kisu." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, kisu mkononi. Nikamwona yule dada pale sebuleni, amenyooka mgongo, anadhani anaheshimiwa. Nikajiona mimi.

Sijui wenzako wa chuo watakueleza nini juu ya tofauti za watu. Wataongea juu ya ardhi na mishahara na shule, nao watakuwa na haki, maana kuna njaa ambayo vicheko vya jikoni haviishibishi. Hata sisi wa kambini tuliipata. Hakuna sufuria ya kikundi iliyowahi kunilipia karo yako. Lakini kuna sehemu nyingine niliyoijua kwa kuchelewa, na ilibidi niende nchi ya watu kuiona. Mtu anaweza kupanda hadi mahali ambapo hakuna anayethubutu kumwomba maji. Akafikiri ndiyo amefika.

Niliporudi Kampala nilitaka kurekebisha. Jumamosi iliyopita Nalongo alikuwa na kwanjula ya binti yake, siku ya kuwapokea wakwe. Nilitoka Ntinda giza bado halijaisha, nimefunga kitenge, nimebeba kisu changu cha zamani. Nilikuwa na furaha mno. Nilishajiandalia maneno ya kuomba msamaha, yanayochekesha kidogo, yanayoliza kidogo.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Mama Zaituni aliniona nikiingia uani, akainuka, akajifuta mikono, akaenda ndani, akaleta kiti. Kiti kizuri, chenye mikono. Akakipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Karibu, mama. Kaa hapa. Huku moshi haifiki."

"Mama Zaituni, nimekuja kumenya."

"Hapana. Wewe mgeni. Mgeni anakaa kwa kiti." Akageuka, akaita, "Leteni mgeni soda! Na mrija!"

Nikaketi. Ningefanya nini? Wanawake walikuwa hatua chache mbele yangu, wameketi chini, maganda yanarundikana, wanataniana juu ya bwana harusi na masikio yake. Nawe ulikuwa katikati yao, Aber. Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu kisu chako kilisimama. Halafu kikaendelea, na hukuinua kichwa tena.

Nilimpigia Simiyu, nikamwambia kwa sauti ya chini aje anichukue. Akaniuliza, "Wamekufukuza?" Nikasema hapana, wamenipa soda. Akasema, "Basi inywe, mpenzi. Usikimbie." Unaona kwa nini nampenda? Nikaketi kwenye kiti kile mpaka jua likapanda, mpaka wakwe wakaja na vikapu vyao, mpaka wageni halisi wakajaa. Sijawahi kuketi mahali pazuri nikaumia hivyo. Nilitamani mtu mmoja tu anitume. Anitume chumvi. Anifokee kwamba nimekaa njiani. Hakuna aliyenifokea. Wote walinishukuru kwa kufika.

Nakuandikia haya kwa sababu kule unakokwenda utapewa kiti. Utakuwa mgeni kutoka mbali, tena umetumwa na shirika, na watu wenye adabu watakupangusia kiti bora kuliko vyote walivyo navyo. Usikidharau, kaa, kunywa utakachopewa. Lakini usilale usingizi mzito ukidhani umependwa. Subiri siku ile mtu atakapokukemea kwa kushika koleo vibaya, au mtoto akakucheka, au bibi mmoja akakuamuru ushike upande huu wa gogo upesi. Siku hiyo uniandikie, hata kama bado hutaki kuniandikia kuhusu jambo jingine. Nitapiga vigelegele hapa Ntinda mpaka majirani wachungulie, na waache wachungulie.

Sikuombi urudi kulala hapa. Sikuombi hata unikumbatie kesho mbele za watu. Najua unavyochukia kufanya jambo ambalo halijatoka moyoni, hilo umelirithi kwa baba yako. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba nitakuaga kwa mbali, nikiwa ndani ya gari la Simiyu, kama wakwe wanaoona haya.

Lakini leo mchana simu yangu ililia. Alikuwa Mama Zaituni. Hakunisalimia.

"Mama Aber."

Hajaniita hivyo tangu harusi. Nikasema, "Naam, dada."

"Kesho mtoto anaenda. Watu watakuja kumpa baraka, tunapika chai na mihogo ya watu wote hapa uani. Bomba la hapa limekauka, maji iko kule chini kwa chemchemi. Unajua chemchemi?"

"Naijua."

"Nani atachota?"

Kwenye kikundi chetu, mwanamke akiingia leo hapewi kisu. Hapewi sufuria wala mwiko. Anapewa jerikeni, anateremka chemchemini, anapanda kile kilima na maji, mwezi baada ya mwezi, mpaka wenzake watakapomsogezea nafasi ya kuketi. Niliifanya kazi hiyo nikiwa mjane kijana. Sasa nina miaka hii, na magoti haya.

"Nitachota mimi," nikasema.

"Uje mapema. Ukichelewa nitatuma mwingine." Akakata.

Mwanangu, nilicheza pale jikoni peke yangu! Simiyu alikuja mbio akidhani nimeungua. Nilipomwambia, akasema atanisaidia kubeba. Nikamkatalia, huyu mume wangu mzuri. Nikamwambia maji haya hayabebwi na mtu wa kukodi, wala na mtu wa kupendwa.

Sasa ameinuka mlangoni, anasema watu wa boda wataondoka wote. Namalizia. Kesho alfajiri ukisikia jerikeni zikigongana nje ya dirisha lako na mtu anahema, ni mimi. Usitoke kwa ajili yangu. Una safari ndefu, lala kidogo. Nitakuwa nimeshuka tena chemchemini.

Mama yako